Barua ya wazi kwa wanaotafiti afya ya akili: tuiteni kabla dodoso halijachapwa

Kwa:
Wakuu wa taasisi na vyuo vinavyofanya utafiti wa afya ya akili nchini Tanzania,
Wenyeviti wa kamati za maadili ya utafiti,
Wafadhili wa tafiti hizo.

YAH: KUSHIRIKISHWA KWA FAMILIA NA VIJANA KATIKA UTAFITI WA AFYA YA AKILI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, wilaya ya Temeke, na ni mama wa kijana aliyeanza kuugua mwaka 2019 akiwa kidato cha tatu. Tangu hapo familia yetu imehojiwa na watafiti mara tatu, na mara zote tulikubali. Tuliambiwa majibu yetu yatawasaidia watoto wa wenzetu, na mzazi ambaye mwanawe amelala sakafuni siku nne bila kutamka neno hakatai ombi kama hilo.

Barua hii haikuanza ikiwa ya wazi. Ya kwanza niliiandika kwa mkono Agosti 2023, nikaipeleka mwenyewe masjala ya taasisi iliyotuhoji, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Ya pili niliituma Februari 2024 kwa barua pepe, na dakika hiyohiyo mashine ikanijibu kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana kwao. Ya tatu tuliiandika tukiwa wengi, wazazi kumi na wanne na vijana tisa, maana wakati huo tulishaanza kukutana Jumamosi kwenye darasa moja la shule ninayofundisha. Hiyo haikupata hata muhuri. Dada wa mapokezi alitueleza kwa upole kwamba mradi umekwisha na waliouendesha wamehamia mradi mwingine. Jina la taasisi silitaji, kwa sababu nikiwauliza wenzangu wa kikundi, kila mmoja ana yake.

Hatupingi utafiti, na naomba lieleweke mapema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa langu la sita lina watoto 84. Nikigawa kwa saba napata kumi na wawili, na asubuhi nikisimama mbele yao sijui ni akina nani. Ningependa sana mtu achunguze.

Tunacholalamikia ni mahali tunapoingizwa. Mtu anapata wazo, anaandika andiko, andiko linaombewa fedha, linapita kamati ya maadili, dodoso linatungwa kwa Kiingereza, linatafsiriwa, linaingizwa kwenye vishikwambi, wadadisi wanapigwa semina ya siku tano. Yote hayo yakishaisha ndipo gari linaingia mtaani, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anabisha hodi kwangu. Hapo hakuna kinachoweza kubadilishwa tena. Nikisema swali fulani halieleweki, mdadisi ananijibu, "Mama, mimi nimetumwa kuuliza tu."

Hoja zetu ni hizi.

1. Maswali si yetu, na maneno si yetu

Mwaka 2021 mdadisi mmoja, kijana mpole, alikaa kwenye kochi letu akamsomea mwanangu yale maswali tisa ya kupimia sonona ambayo yanatumika karibu dunia nzima. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na hiki, na hiki. Kila jibu lina alama, kuanzia sifuri mpaka tatu, na jumla ya juu kabisa ni 27.

Mwanangu alikuwa ameshaacha shule, anafanya kazi ya saidia fundi, anabeba zege. Akaulizwa kama amekuwa akijisikia kuchoka au kukosa nguvu. Alicheka. "Kila siku." Tatu. Akaulizwa kama analala vibaya. Dirisha la chumba chake linatazamana na spika za baa. Tatu. Akaulizwa kama amekuwa akila kidogo au kula kupita kiasi. Wiki zile makato ya mkopo yalikuwa yameumaliza mshahara wangu, tunapika mara moja tu, usiku. "Kidogo." Mara ngapi? "Kila siku." Tatu nyingine. Kwa maswali hayo matatu peke yake alikuwa na alama tisa, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye ugonjwa wake.

Siku alipougua kweli hakusema amechoka. Alisema, "Mama, kichwa kimejaa watu." Binti wa mwenzangu husema moyo unamwaka. Mwingine husema tu "nimevurugwa", na mama yake ameshajua kwamba akilisema neno hilo mara mbili kwa siku moja, ni wakati wa kumtafuta daktari. Sonona nalifahamu, ndiyo kazi yangu, nafundisha Kiswahili. Mtu akisononeka ana uchungu wa moyo. Lakini miaka yote ya Jumamosi zetu sijamsikia kijana hata mmoja akilitumia neno hilo kujieleza. Mnalitumia ninyi, na redio.

Sisemi kipimo ni kibovu. Nasema vijana watatu wa Temeke wangeyaona mambo haya kwa nusu saa, kabla ya kishikwambi cha kwanza kuwashwa. Mimi nikitunga mtihani humpa mwalimu mwenzangu ausome kwanza, na yeye ndiye huniambia swali la nne lina majibu mawili. Simwoni kama ananidharau.

Halafu kuna maswali ambayo hamkuyauliza kabisa. Mwaka ule wa 2019, siku ya tatu baada ya mwanangu kuanzishiwa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, shingo yake ilipinda ikatazama bega, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito mpaka mate yakawa yanamtoka. Ilikuwa saa mbili usiku. Bibi yake alikuwa ameshafungua msahafu. Majirani kwenye korido walikuwa wameshaamua kwamba jini limeikataa dawa. Tulimpakia kwenye bajaji, shemeji yangu anataka twende kwa mganga, mimi nataka hospitali, na kwa kweli aliyeamua ni dereva, ambaye alisema hospitali ndiyo iko njia moja na nyumbani kwake. Nesi wa zamu alimtazama mara moja. "Ni hiyo dawa, mama." Akamchoma sindano, na kabla sijamaliza kuandika jina kwenye daftari lao shingo ilikuwa inarudi. Tangu siku hiyo akipewa dawa ile anapewa na Artane, dawa ya kuzuia shingo isipinde tena.

Baadaye nimekuja kujua kwamba jambo hili madaktari wanalijua vizuri, na kwamba huwapata zaidi vijana wa kiume wanapoanza dawa za namna ile. Waliokuwa hawalijui ni sisi tuliokuwa naye nyumbani. Kwenye kikundi chetu si mimi peke yangu niliyeuona usiku kama ule. Mwenzangu mmoja bajaji yake ilikata kona ya pili: mtoto akakaa kwa mganga miezi mitano, dawa ikaachwa, na alipofikishwa hospitali tena hali ilikuwa mbaya maradufu.

Basi swali letu ni hili. Ni vijana wangapi huacha dawa katika wiki za mwanzo kwa sababu hakuna aliyeionya familia kuhusu shingo? Nimehojiwa mara tatu na sijaulizwa hata kitu kinachofanana nalo. Mtafiti ambaye hajawahi kupanda ile bajaji hawezi kulifikiria, na simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kutomwita aliyeipanda.

2. La hatari mnaliuliza sebuleni

Swali la mwisho katika yale tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mwanangu aliulizwa shangazi yake akiwa jikoni, mimi nikiwa mlangoni, na mwenyekiti wa mtaa barazani anasubiri soda yake. Nje limeegeshwa gari jeupe lenye maandishi ya afya ya akili ubavuni, na watoto wa jirani wameshaanza kuimba kwamba kaka anapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kumbukeni pia kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo, cha 226, kinapingana na Katiba. Sisi hatujafika huko, na kila familia mtaani inajua kwamba jambo la namna hiyo linaweza kuishia polisi.

Mwanangu alijibu "hapana kabisa". Sifuri. Mimi niliyekuwa nimelala mlangoni kwake mwezi mzima nikaisikia ile sifuri inaandikwa, nikanyamaza. Takwimu zenu zina sifuri ile. Sijui zina ngapi nyingine.

Mdadisi alituachia kadi yenye namba ya kupiga tukihitaji msaada. Tuliipiga wiki iliyofuata, siku tuliyoihitaji. "Namba ya simu unayopiga haipatikani kwa sasa."

Mngetuita mapema tungewaambia mambo ya kawaida kabisa: gari liegeshwe sokoni, mwenyekiti aage akishawatambulisha, kijana aulizwe mahali anapopachagua mwenyewe, na ile namba ipigwe na mtu wenu kila Jumatatu asubuhi kuhakikisha inapokelewa.

3. Mnapotushirikisha, mnatuita kutoa ushuhuda

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, na mtaniwia radhi nikirefusha.

Mwaka 2022 tulialikwa, mimi na mwanangu, kwenye mkutano wa wadau. Barua ilisema tutakuwa "washirika". Nilishona gauni. Yeye aliazima shati la mjomba wake na usiku mzima aliandika kwenye karatasi mambo manne aliyotaka yafanyiwe utafiti. La kwanza lilikuwa namna ya kurudi shule baada ya kuugua, kwa sababu yeye alirudi baada ya wiki saba akakuta wenzake wamempa jina, na hakukuwa na mwalimu hata mmoja aliyejua afanye nini. Na mimi ni mwalimu. Nasema hivyo kwa aibu.

Hotelini, mada zote zilikuwa kwa Kiingereza. Matokeo yalikuwa yameshapangwa kwenye skrini, picha za nguzo za rangi. Saa tano na nusu, kabla ya chai, mwendesha mkutano alimwita mwanangu mbele "atushirikishe safari yake". Hakuombwa maoni. Aliombwa asimulie alivyoumwa. Alisimulia, akafika mahali akalia, ukumbi ukapiga makofi, na mama mmoja mwenye beji alimkumbatia. Karatasi yake ilibaki mfukoni. Tulisaini fomu ya nauli, shilingi elfu kumi kila mmoja, tukala, tukarudi Temeke kwa daladala.

Mwaka uliofuata rafiki yake alimtumia picha: uso wake, ule wa kulia, kwenye bango la maonyesho. Fomu ya kukubali picha hatukuwahi kuiona. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, taarifa za afya ya mtu zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, lakini hata bila sheria, mtu yeyote aliyelelewa anajua kwamba uso wa mtoto wa mwenzio akilia hauubandiki ukutani.

Msimamo wangu ni kwamba kuitwa kusimulia mateso mbele ya wakubwa siyo kushirikishwa. Ushirika ungeanza siku alipokuwa na ile karatasi mkononi na mtu angeiomba.

4. Mrejesho

Mara tatu tumeahidiwa mrejesho. Mara tatu haukuja. Makala iliyotokana na majibu yetu tuliipata kupitia mwanafunzi wangu wa zamani aliyepo chuo kikuu. Iko kwa Kiingereza, na ukitaka kuisoma yote unalipia kwa dola.

5. Muda wetu una bei

Tuliambiwa mahojiano ni dakika arobaini. Yalichukua saa mbili na dakika kumi, na kibarua wa zege asiyefika saa moja asubuhi siku hiyo hana kazi. Mdadisi analipwa, dereva analipwa, mwenyekiti wa mtaa analipwa, mkalimani analipwa. Sisi tunapewa kipande cha sabuni na "asante kwa kuchangia sayansi".

Sasa, najua majibu yanayokuja, maana mengine nimeshapewa kwa mdomo.

Mtasema hatuna utaalamu. Hatuombi kupiga hesabu zenu. Lakini tazameni Zimbabwe. Dk. Dixon Chibanda alipoanza Harare mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, benchi lao lilipewa jina la benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia: hapo hakai mtu. Likaitwa benchi la urafiki, na badala ya istilahi za kidaktari wakatumia neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Watu wakakaa. Majaribio yalipofanywa kisayansi na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, waliokaa na mabibi walionekana kupata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na benchi hilo limeshavuka mipaka mpaka Zanzibar. Daktari alileta sayansi, na jina la benchi likatoka kwa wasio na digrii. Kenya nako kuna Shamiri, ambako vijana waliotoka sekondari juzi tu wanafundishwa kuongoza vipindi vya wanafunzi wenye huzuni na wasiwasi. Majaribio yao kwa wanafunzi 413 yalichapishwa mwaka 2021. Hawa ni majirani zetu, wanaotumia sufuria na sukari kama zetu.

Mtasema mgonjwa wa akili hawezi kuamua. Mwanangu katika miaka yake yote ya ugonjwa, ukijumlisha vipindi vyote ambavyo hakuweza kuzungumza kwa mpangilio, haifiki mwaka mmoja. Muda uliobaki anajua anachosema kuliko baadhi ya wajumbe wa kamati ya shule yangu. Panga naye akiwa mzima nini kifanyike akiugua katikati ya mradi. Sisi nyumbani tunapanga hivyo kila mwezi.

Mtasema bajeti haina kifungu hicho. Hoteli ile ilikuwa na kifungu.

Mtasema taratibu za kimataifa hazidai. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, ambalo kila fomu ya ridhaa hulitaja, lilianza mwaka 1964, na liliporekebishwa Oktoba 2024 liliacha kuwaita watu "wanaofanyiwa utafiti", likawaita washiriki. Likaongeza pia kwamba washiriki na jamii zao wahusishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti, na baada yake. Neno "kabla" sijalibuni mimi.

Na isitoshe, nchi hii imeshawahi kufanya hivi. Tulipokuwa tunazika kila wiki kwa UKIMWI, mataifa 42 yalikutana Paris mwaka 1994 yakakubaliana kwamba wanaoishi na virusi lazima wawemo kwenye maamuzi yanayowahusu. Leo mwalimu mwenzangu anayeishi na VVU anakaa kwenye kamati ya ushauri ya jamii ya mradi wa utafiti. Anasoma fomu ya ridhaa kabla haijatumika, na aliwahi kuirudisha mara mbili kwa sababu haikueleweka. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Kwani ninyi kamati yenu iko wapi?" Sikuwa na jibu.

Kuna hoja moja tu ambayo naikubali, na wazazi wenzangu hawataipenda. Mzazi na kijana si mtu mmoja. Kwenye mahojiano ya kwanza mwanangu alikuwa na miaka 16, nikasaini mimi, na yeye akaulizwa kama anakubali huku nimeshashika kalamu. Angesema nini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mimi mwenyewe niliikanyaga haki hiyo sebuleni kwangu, kwa nia njema. Kuna mambo ambayo vijana wetu hawatayasema tukiwepo, mengine yanatuhusu sisi: kipigo, kufungwa kamba, kupelekwa kwenye maombi ya siku tatu bila kula. Na sisi wazazi tuna mambo ambayo hatuwezi kuyasema wao wakiwepo, kwa mfano kwamba tumechoka. Kwa hiyo mkiweka kiti kimoja cha "familia" mkadhani mmemaliza, mtasikia sauti ya mama tu, kwa sababu mama ndiye mwenye maneno mengi.

Barua hii yenyewe mwanangu ameisoma kabla sijaitoa. Alikata aya nzima kwa kalamu nyekundu, kalamu yangu ya kusahihishia. Nilikasirika, maana ilikuwa aya nzuri. Haimo.

Tunachoomba ni hiki. Andiko lolote la utafiti wa afya ya akili kwa vijana lisipelekwe kuombewa kibali kabla halijasomwa na vijana wasiopungua wawili waliopitia ugonjwa na wazazi au walezi wawili, wakae meza tofauti, andiko liwe kwa Kiswahili, na maoni yao yaambatishwe pamoja na maelezo ya kilichobadilishwa na kilichokataliwa. Tunajua mtakataa mengine, na ni haki yenu. Tuandikieni sababu tu. Kamati za maadili ziweke swali hilo kwenye fomu zao na zisipitishe fomu iliyoliacha wazi. Kuna kamati zenye mjumbe asiye mtaalamu. Mmoja wa namna hiyo awe mtu aliyewahi kulazwa au kumuuguza aliyelazwa. Bajeti iwe na malipo ya washirika hawa kwa siku, yaandikwe kama yanavyoandikwa ya wadadisi. Mrejesho ufanyike mtaani, kwa Kiswahili, ndani ya miezi sita baada ya data kukamilika, hata kama jarida bado halijachapisha. Na kila aliyewahi kupigwa picha au kurekodiwa apewe fomu ya kuikubali au kuiondoa, kuanzia waliopigwa zamani.

Wafadhili, ninyi mna nguvu kuliko wote humu. Siku mtakapoandika kwamba fedha haitoki bila sahihi za vijana waliosoma andiko, tutaanza kutafutwa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60. Nakala yenye majina na namba zetu imepelekwa kwa mkono kwenye masjala zenu, na safari hii tumeomba mpokeaji asaini.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi, saa kumi jioni. Mwenye rasimu ya dodoso aje nayo kabla haijaingia kwenye kishikwambi. Madawati ni ya watoto wa darasa la tatu, mtakaa mmekunja magoti kama sisi. Mwanangu hajasema kama atakuwepo. Amesema lile bango lishushwe kwanza, ndipo atafikiria. Ile karatasi yake ya mambo manne anayo bado.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama na mwalimu, Temeke,
kwa niaba ya wazazi kumi na wanne,
na kwa ruhusa ya vijana tisa.